Wali wa Nazi na Kalori Mia Nane

Simu ililia mtoto akiwa amening'inia kwenye mizani.

Tulikuwa kliniki, Msambweni, benchi limejaa akina mama, kila mmoja na kijitabu chake mkononi. Mwanangu wa miezi mitano alikuwa amevishwa ile kaptura ya kitambaa wanayowaning'inizia watoto chini ya mizani ya saa. Muuguzi aliutazama mshale, akangoja mtoto atulie, akautazama tena. Mwezi uliopita alikuwa kilo sita na gramu mia moja. Leo sita kamili. Alitia nukta kwenye kijitabu, akaiunganisha na ile ya nyuma, na mstari uliokuwa ukipanda tangu azaliwe ukainama mbele ya macho yangu.

Simu ikalia tena. Nikaitoa nikidhani ni mavyaa, mama wa mume wangu, anauliza tumefikia wapi. Kumbe ni kocha wangu wa mazoezi. Alfajiri nilikuwa nimemtumia picha ya chakula changu cha asubuhi, kama masharti yake yalivyotaka: yai moja la kuchemsha, chai ya rangi bila sukari, na nusu ya ndizi. Jibu lake lilikuwa hili:

"Mamii, hiyo ndizi imetoka wapi? Nani alikuambia ukule ndizi? Toa. Wewe uko mia nane, si mia tisa."

Mia nane ni kalori. Ndicho kiasi cha chakula alichonipangia kwa siku nzima, asubuhi hadi usiku, ili nipungue. Nilikuwa nimekaa nacho mwezi mzima. Nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikasema, na wala sikusema kwa kunong'ona:

"Sikiza wewe. Mwanangu yuko kwenye mizani hapa, amepungua. Amepungua yeye! Hiyo nusu ndizi ni yake. Yai ni lake. Huo mkate ulioninyima miezi miwili ulikuwa wake, mimi ni bomba tu la kumpitishia. Unataka picha? Nitakutumia picha ya mtoto, umhesabie yeye hizo kalori zako."

Benchi zima liligeuka kunitazama. Halafu bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake akasema, "Mwambie, mwanangu. Na kama hajasikia, mwambie tena."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Muuguzi akaniambia, "Maliza ugomvi wako, mama, kisha uingie chumba cha pili umwone mtu wa lishe. Lakini kwanza mtoe mtoto, amechoka kuning'inia."

Kocha aliniondoa kwenye kundi lake la simu kabla sijamaliza kumfunga mtoto nepi.

Nataka ieleweke kwamba sikudanganywa kwa sababu sijui kusoma. Nilimaliza kidato cha nne, na hesabu ndilo somo nililolipenda. Nadhani hesabu ndiyo iliyoniponza. Mtu akikupa namba, unaona amekupa kitu cha kweli. Angeniambia nile majani ya mti fulani, ningemcheka. Aliniambia kalori elfu moja na mia mbili kwa siku, nikatoa daftari.

Kazi yangu ni ya mapokezi katika hoteli moja Diani. Likizo ya uzazi ilipoisha, sketi yangu ya kazi ilikataa kufunga. Nikaomba kubwa zaidi. Msimamizi wangu, mwanamke mwenzangu aliyezaa watatu, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Kubwa ya hiyo hatuna. Na hapa mbele ndipo wageni wanapoona kwanza." Basi. Siku hiyo nilivaa sketi imefungwa kwa pini, blauzi nimeiachia nje, na nilisimama kwa saa nane nikimwogopa kila mtu aliyepita nyuma yangu. Jioni mwenzangu wa zamu akanipa namba ya kocha wake wa Ukunda. Yeye alikuwa ameshuka kilo saba. Hana mtoto.

Kocha alikuwa kijana wa bara, mwenye chumba cha mazoezi juu ya duka la simu. Maneno yake matamu, na kila mwanamke kwake ni mamii. Aliniuliza urefu, uzito, na nataka kufika wapi. Akaniomba picha tatu: mbele, ubavu, nyuma. Akaniingiza kwenye kundi la simu lenye wanawake wengi, akanitumia jedwali la vyakula na namba yangu. Jedwali lilikuwa zuri. Yai moja, kiasi hiki. Chapati moja, kiasi hiki. Wali kikombe kimoja, kiasi hiki. Nikamwandikia: "Kocha, mimi ninanyonyesha, mtoto ana miezi mitatu." Akanijibu kwa picha ya kidole gumba kilichoinuliwa. Nimeirudia mara nyingi hiyo picha ya kidole. Sikuuliza tena. Nilidhani kidole maana yake amenisikia.

Sasa, nyumbani kwetu hakuna sahani. Yaani ziko, za wageni, kabatini. Sisi tunakula sinia moja: mavyaa, wifi zangu wawili na mimi, na mume wangu siku za mwisho wa wiki akija kutoka Mombasa. Wali unawekwa katikati, mchuzi unamiminwa juu, samaki anakaa upande wa mavyaa, na yeye ndiye anayevunja na kumsukumia kila mtu kipande chake. Mwanamke anayenyonyesha husukumiwa kwanza, tena minofu ya tumboni, yenye mafuta. Tangu nizae nilikuwa nimesukumiwa tumbo la samaki kila siku, na sikuwa nimeona ajabu yoyote.

Utapimaje kikombe kwenye sinia? Nilikaa nikafikiri. Mwisho nikachukua kikombe cha wali jikoni, nikaufinyanga matonge kwa mkono wangu mwenyewe, nikahesabu. Matonge sita. Basi nikajiwekea: chakula cha jioni, matonge kumi na mawili, halafu ninaosha mkono. Nilikuwa nikihesabu kimya huku wifi zangu wakizungumza, na wakinisemesha nilikuwa nikitikisa kichwa tu, kwa sababu nikifungua kinywa hesabu itanipotea. Mavyaa akisukuma tumbo la samaki, mimi naurudisha mnofu upande wake kwa ncha ya kidole. Siku ya kwanza alidhani nimeshiba. Siku ya tatu akaniangalia.

Na bado sikushuka. Wiki tatu, kilo ileile. Nikamwandikia kocha, nikamwambia nimefuata kila kitu. Hakuniuliza nimekula nini na kimepikwaje. Alisema mwili wangu ni kichwa ngumu. "Mamii, tunashusha. Kuanzia kesho mia nane. Na sitaki hadithi za sinia, nataka picha ya sahani. Kila mlo."

Picha ya sahani.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu mtu asiyekulia huku hawezi kuona uzito wake. Jioni ile sinia lilipotengwa, mimi nilienda kabatini nikatoa sahani ya wageni. Nikajipakulia wali kidogo, mchicha, kipande cha mkia wa samaki, nikaenda kukaa kwenye kiti pembeni, nikapiga picha. Wifi yangu mdogo ndiye aliyejaribu kuchekesha: "Haya, leo tuna mtalii. Tumletee na uma?"

Mavyaa hakucheka. Katika nyumba kama ile, mtu haachi sinia hivihivi. Anaacha kwa sababu amegombana, au kwa sababu ameanza kuogopa mkono unaopika. Akasema polepole, mkono bado umo ndani ya wali:

"Mkaza mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hapana, mama. Ni mpango wa kupungua tu. Lazima nipige picha."

"Picha za nani?"

"Za kocha."

"Kocha ni mwanamume?"

Nilisema ndiyo. Akaosha mkono kabla hajashiba, akaenda kuswali.

Asubuhi yake hapakuwa na uji. Tangu nizae alikuwa akinipikia uji wa mchele wenye tui na pilipili manga, anauweka kwenye chupa ya moto, naunywa kabla sijaenda kazini. Hakuusema, hakuukatalia, aliacha tu. Nami, sikufichi, nilifurahi kidogo. Niliona nimepunguziwa vita moja. Nikanywa chai ya rangi nikaenda zangu Diani.

Mwezi ule siukumbuki vizuri. Nakumbuka taa za mapokezi zikinichoma macho. Nakumbuka mgeni mmoja akinitajia jina lake mara tatu na mimi bado nimeshika kalamu hewani. Nakumbuka nywele zikibaki kwenye chanuo. Nilikuwa nikikamua maziwa kabla ya kuondoka ili mavyaa ampe mtoto mchana, na chupa iliyokuwa ikijaa ikaanza kufika nusu, kisha chini ya nusu. Nikajiambia ni pampu imechakaa. Nikanunua mpira mpya wa pampu. Mizani ya nyumbani ilikuwa ikishuka sasa, kilo moja, mbili, nne, na kwenye kundi wanawake wakinipigia makofi ya picha, na Mungu anisamehe, yale makofi niliyangoja kila siku.

Mtoto akawa analala sana. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa nimekaa peke yangu. Alikuwa analala, na mimi niliyechoka nikaona ni heri. Nilisema hata kazini, "Wangu mpole, halii." Hakuwa mpole. Alikuwa hana nguvu za kulia.

Mavyaa ndiye aliyeona. Tulikuwa hatuzungumzi sana, ni shikamoo na marahaba, basi. Jumapili moja alinikuta jikoni nikipima vijiko vya mbaazi. Alikuwa amembeba mtoto begani. Akasema:

"Huyu mtoto amekuwa mwepesi. Mimi ndiye ninayembeba kutwa, najua. Na wewe maziwa hayatoki, usiniambie pampu."

"Nakula, mama."

"Unakula nini? Nimekuona unarudisha punje za wali kwenye sufuria." Akamhamisha mtoto bega la pili. "Mwaka huu Ramadhani, si tulikuambia usifunge? Mwenyezi Mungu mwenyewe amekuruhusu ule mchana kweupe kwa ajili ya huyu. Sasa huyo mwanamume wa picha ni nani, akufungishe mwaka mzima?"

Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu aliyeambiwa kweli akiwa na njaa. Nikasema kesho kutwa ni siku ya kliniki, tutaona huko. Siku moja kabla ya kliniki nilikula mia nane zangu. Asubuhi nikaongeza ile nusu ya ndizi, kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka na niliogopa kumwangusha mtoto njiani.

Mengine ya asubuhi ile nimekwisha kuyasema.

Mtu wa lishe katika chumba cha pili alikuwa msichana wa rika langu, amevaa buibui na koti jeupe juu yake. Hakunikaripia. Alimpokea mtoto, akamkagua ngozi ya tumbo na macho, akaniambia nimnyonyeshe palepale huku tukizungumza.

"Mia nane umepewa na nani?"

"Kocha."

"Alikupima?"

"Kwa picha."

Akaweka kalamu chini. "Mia nane hata mimi simpi mtu hivihivi. Anayepewa huwa yuko chini ya daktari, kwa sababu ya ugonjwa, na tunamfuatilia. Anakaa nayo muda mfupi."

"Na elfu moja na mia mbili, ya mwanzo?"

"Kwa mwanamke mzima asiyenyonyesha, hiyo ndiyo sakafu. Si mahali pa kuanzia, ni mahali pa kutoshuka. Na wewe unanyonyesha, maziwa yanapikwa kwa chakula chako. Wewe chini ya elfu moja na mia nane sitaki kukuona. Tena kwa sasa, mpaka huyu apande, sitaki upunguze hata kidogo. Kula ushibe, unywe maji, umnyonyeshe kila anapotaka, na usiku pia. Kila wiki uniletee nimpime. Asipopanda, daktari amwone."

Nikamuuliza, kwa sababu bado nilikuwa mjinga kiasi hicho, "Na hii sketi?"

Akacheka kidogo. "Sketi ipelekwe kwa fundi." Kisha akavuta karatasi, akanionyesha. Kwanza unatafuta mwili wako unatumia kiasi gani kwa siku: urefu, uzito, umri, kazi unayofanya, unanyonyesha au la. Kutoka hapo, wakati ukifika, ndipo unapopunguza kidogo, si kukata nusu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na chini ya hapo kwa anayenyonyesha wala si aibu. Aliandika namba zangu mimi. Zilikuwa zangu, si za kundi. Nilipoona mwili wangu unatumia kiasi gani kwa kusimama mapokezi na kutengeneza maziwa, nikaona nilichokuwa nikiufanyia.

"Lakini kwa nini wiki za kwanza sikushuka?" nikamuuliza. "Nilihesabu kila tonge."

"Wali ulihesabu kama wa nini?"

"Jedwali lilisema wali."

"Mnaupika kwa maji?"

Tukatazamana. Kwetu hakuna wali wa maji. Kila siku nilikuwa nikihesabu wali mweupe wa bara huku nikila wali wa tui la kwanza, na mchicha wa tui, na mbaazi za tui. Nazi haikuwa imeingia kwenye hesabu hata siku moja, kwa sababu mimi nazi siihesabu kama chakula, ni kama maji ya kupikia. Kocha hakuwa amejua kuuliza. Na nazi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto wangu mwezi wa kwanza bila mimi kujua. Aliponishusha mia nane, nayo ikatoka karibu yote, kwa sababu tangu picha ya kwanza kocha alitaka kwenye sahani vyakula vya kuchemsha tu, bila tui.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mavyaa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikampa kijitabu. Hajui kusoma hivyo, lakini mstari ulioinama kila mtu anaujua. Aliutazama muda mrefu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Lete bakuli." Jioni nilikaa kwenye sinia, nikala mpaka wifi yangu akaniuliza kama mtalii amerudi kwao.

Maziwa hayakurudi kwa siku moja. Ilikuwa kazi. Kila saa mbili, usiku na mchana, mtoto kifuani, uji, supu, na kazini nikiingia chooni kukamua, nikitoka msimamizi anatazama saa. Wiki ya kwanza hakupanda. Nilitoka kliniki nikakaa kwenye jiwe nje ya lango nikashindwa hata kulia. Wiki ya pili gramu mia moja. Wiki ya tatu mia moja na hamsini tena.

Ndipo nikapata nguvu ya kulalamika. Mwenzangu wa zamu alisema niache. "Si umeshatoka? Kwani atakurudishia nini?" Nilienda ofisi ya afya siku yangu ya mapumziko. Afisa wa kwanza akaniuliza kama ninamlalamikia daktari. Nikasema si daktari. "Basi hayuko chini yetu." Wa dirisha la pili akaniuliza kama aliniuzia dawa. Sikuuziwa dawa. "Sasa alikuuzia nini?" Nikasema, namba. Akacheka, na mimi nikabaki nimesimama pale pale mpaka akaacha. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa akifungua mafaili akasema, "Mpe karatasi aandike. Mtu akiandika, lazima tupokee." Nikaandika palepale kwenye kaunta, mtoto mgongoni, na nakala wakanigongea muhuri. Niliyoandika ni haya:

Kwa Afisa wa Afya ya Umma.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MTU ANAYEWAPANGIA WANAWAKE KIASI CHA CHAKULA BILA KUWAULIZA HALI ZAO

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Msambweni. Ninamlalamikia mwenye chumba cha mazoezi ambaye anuani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Alinipangia kalori elfu moja na mia mbili kwa siku, kisha mia nane, kwa ajili ya kupungua. Nilimjulisha kwa maandishi kwamba ninanyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Hakubadilisha kitu. Maziwa yangu yalipungua na mtoto wangu akashuka uzito. Nimeambatanisha ujumbe wetu na kurasa mbili za kijitabu cha kliniki.

Mimi nilikubali mwenyewe, hakunishika mkono. Hilo naliandika ili msiniulize. Lakini yeye alijiita mjuzi wa lishe, na mjuzi huuliza.

Siombi nirudishiwe chochote. Ninaomba aitwe, aonyeshe alikosomea, na azuiwe kumpa mwanamke yeyote namba kabla hajajua kama ana mimba, ananyonyesha, au ni mgonjwa.

Katika kundi lake nimewaacha wanawake wengi. Wawili najua wananyonyesha, kwa sababu katika picha za sahani zao ulionekana mkono wa mtoto mchanga. Namba zao za simu nimeziandika hapa chini. Ninaomba muwapigie hao leo, kabla ya kunijibu mimi.